Lugha ya Mama, Lugha ya Kwanza na Lugha ya Eneo: Istilahi za Isimujamii Katika Mizani ya Kitengela

Ikisiri

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huzitumia istilahi lugha ya mama, lugha ya kwanza na lugha ya eneo kana kwamba ni visawe. Makala hii inazipima istilahi hizo, pamoja na nyingine zinazohusiana nazo, kwa kuziweka katika mazingira halisi ya mji wa Kitengela na Kaunti ya Kajiado kwa jumla. Hoja inayotetewa ni kwamba uteuzi wa istilahi una matokeo yake: huamua ni lugha ipi itakayopata nafasi darasani na ni mtoto yupi atakayefundishwa kwa lugha anayoielewa. Mwishoni, makala inapendekeza namna bora ya kuuliza kuhusu lugha katika utafiti wa nyanjani.

1.0 Utangulizi

Kila taaluma ina istilahi zake. Seremala hawezi kufanya kazi bila kutofautisha randa na tezo. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa isimujamii hawezi kuieleza hali ya lugha katika jamii bila kutofautisha lugha na lahaja, lahaja na lafudhi, au uwililugha na diglosia. Kiswahili hakina uhaba wa istilahi hizi. Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka wa 1990, na D.P.B. Massamba alipotoa Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha mwaka wa 2004, mwanafunzi amekuwa na mahali pa kurejelea.

Tatizo lililopo ni la matumizi. Fasili hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha husahaulika pindi mwanafunzi anapotoka nje ya ukumbi wa mihadhara. Ndipo tunaposoma tasnifu ambazo sura ya pili inazifasili istilahi kwa makini, ilhali sura ya nne inazichanganya. Njia mojawapo ya kuepukana na kasoro hii ni kuichukua istilahi na kuipeleka mahali panapojulikana, tuone kama inasimama au inayumba. Mahali tulipopachagua ni Kitengela, kwa sababu mambo ambayo vitabu huyazungumzia kwa pamoja yametengana waziwazi katika mji huo.

2.0 Mazingira ya Kiisimujamii ya Kitengela na Kajiado

Kitengela ni mji ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Namanga, yapata kilomita 30 kutoka jijini Nairobi. Umo katika Kaunti ya Kajiado, ambayo makao yake makuu ni mji wa Kajiado ulio kusini zaidi kwenye barabara iyo hiyo. Ardhi hii ni ya Wamaasai wa Ilkaputiei, mojawapo ya matawi ya Wamaasai wanaoishi Kajiado pamoja na Ilmatapato, Iloodokilani, Ilkeekonyokie, Ildalalekutuk na Ilkisonko. Lugha yao ni Kimaa, lugha ya Kiniloti isiyokuwa na nasaba na Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu.

Majina ya mahali yanaishuhudia lugha hiyo. Kajiado ni umbo lililofupishwa la olkejuado, yaani mto mrefu. Halmashauri iliyoitawala wilaya hiyo kabla ya ugatuzi iliitwa kwa jina lilo hilo, Olkejuado. Nairobi nayo yatokana na maneno ya Kimaa yanayotaja maji baridi.

Mikataba ya mwaka wa 1904 na 1911 baina ya serikali ya kikoloni na Wamaasai iliwahamisha wengi wao kutoka nyanda za kaskazini na kuwakusanya kusini. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka wa 1968 ilianzisha ranchi za jumuiya, ambazo nyingi ziligawanywa baadaye na kuwa mashamba ya watu binafsi. Shamba la mtu binafsi huweza kuuzwa. Kwa kuwa Nairobi iko karibu, na kwa kuwa eneo jirani la Athi River lilipata viwanda vya saruji na baadaye viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, wanunuzi na wapangaji walikuja kwa wingi: Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengineo. Idadi ya watu wa Kaunti ya Kajiado ilipanda kutoka 687,312 katika sensa ya mwaka wa 2009 hadi 1,117,840 katika sensa ya mwaka wa 2019. Mwaka huo wa 2019, mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000.

Kutokana na mseto huu, Kiswahili ndicho kinachotumika kuwaunganisha watu wa asili mbalimbali sokoni, katika matatu na kwenye nyumba za kupanga. Kwa istilahi ya taaluma, ni lingua franka ya mji. Kiingereza ni lugha ya hati za ardhi, ya shule na ya ofisi. Sheng ni msimbo wa vijana. Kimaa ni lugha ya ardhi ambayo mji umejengwa juu yake.

3.0 Lugha, Lahaja, Lafudhi na "Kilugha"

Kabla ya kuifikia hoja yetu kuu, ni muhimu tuziondoe dosari tatu ndogo.

Kwanza, lahaja ni tanzu ya lugha inayobainika kwa msamiati, sarufi na matamshi, na mara nyingi huhusishwa na eneo. Lafudhi huhusu matamshi pekee. Mmaasai wa Isinya anayezungumza Kiswahili sanifu kwa matamshi yaliyoathiriwa na Kimaa ana lafudhi. Hana lahaja ya Kiswahili. Tofauti iliyopo baina ya Kimaa cha Wamaasai na kile cha Wasamburu, kwa upande mwingine, inavuka mipaka ya matamshi.

Pili, mpaka baina ya lugha na lahaja hauwekwi na wanaisimu peke yao. Wanaisimu wengi huuona usemi wa Wamaasai, Wasamburu na Wachamus kuwa ni lahaja za lugha moja, Kimaa. Hata hivyo, Wamaasai na Wasamburu huhesabiwa kama jamii mbili katika sensa ya Kenya, na kila mmoja hujitambulisha kwa jina lake. Ndiyo maana katika makala hii tunasema Kimaa tunapoirejelea lugha, na Wamaasai tunapowarejelea watu wa Kajiado.

Tatu, lipo neno "kilugha", ambalo husikika sana nchini Kenya kwa maana ya lugha yoyote ya kiasili. Kiambishi ki- katika neno hili ni cha udogo, na pamoja na udogo kimebeba dharau. Kimaa huonyesha uhusika wa nomino kwa toni: nomino ile ile hubadili toni kutegemea kama ni kiima au ni yambwa. Sarufi yake ilielezwa kwa kina na A.N. Tucker akishirikiana na J. Tompo ole Mpaayei katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1955. Lugha yenye mfumo kama huo haina sababu ya kuitwa kilugha. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, alieleza jinsi wanafunzi wa wakati wake walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu kwa kusema Kikuyu karibu na shule. Dharau iliyomo katika neno "kilugha" ni ya ukoo mmoja na kibao hicho. Istilahi lugha ya kiasili au lugha ya jamii inafaa zaidi.

4.0 Istilahi Tatu, Majibu Matatu

Sasa tuziangalie istilahi zilizo kiini cha makala hii.

Lugha ya mama, kwa mazoea ya Wakenya, ni lugha ya kabila la mtu. Lugha ya kwanza ni lugha ambayo mtoto hupata kabla ya nyingine zote, bila kufundishwa rasmi. Lugha ya eneo, ambayo katika sera za elimu huitwa lugha ya eneo la shule, ni lugha inayozungumzwa na wengi katika mazingira shule ilipo. Katika kijiji ambamo watu wote ni wa jamii moja, istilahi hizi tatu huelekeza kwenye lugha moja, na ndiyo sababu tumezoea kuzichukulia kuwa visawe.

Tuchukue mifano miwili ya kubuni, ambayo msomaji yeyote anayeijua Kitengela ataona kuwa inawezekana.

Mtoto wa kwanza amezaliwa Kitengela. Mamake ni Mkamba na babake ni Mluo. Wazazi hawa hawana lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili na Kiingereza, kwa hivyo nyumbani huzungumza Kiswahili. Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Akiulizwa lugha ya mama, atajibu Kijaluo, kwa kuwa jamii humhesabu kwa upande wa baba. Neno "mama" lililomo katika istilahi lingetaka ajibu Kikamba. Na huenda hajui kuunda sentensi tano katika lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Mtoto wa pili ametoka katika boma la Wamaasai nje kidogo ya mji. Lugha yake ya mama ni Kimaa na lugha yake ya kwanza ni Kimaa. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na anapoanza shule hakijui vizuri.

Watoto hawa wawili wanaketi dawati moja. Je, lugha ya eneo la shule yao ni ipi? Ikiwa kigezo ni idadi ya wanafunzi, jibu ni Kiswahili. Ikiwa kigezo ni wenyeji wa ardhi, jibu ni Kimaa.

Swali hili lina uzito wa kisera. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, nacho Kiswahili kitumike pale ambapo wakazi ni wa lugha mchanganyiko, hasa mijini. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 uliziweka lugha za kiasili miongoni mwa masomo ya Gredi ya 1 hadi ya 3. Nayo Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, baada ya kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, inaiagiza serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili.

Kwa mujibu wa kigezo cha mji, shule ya Kitengela hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto wa kwanza anafaidika. Mtoto wa pili anaanza masomo katika lugha asiyoimudu, ilhali kwake ni kwao. Kwa mujibu wa kigezo cha ardhi, mtoto wa pili angefaidika, na yule wa kwanza, pamoja na wengi wa wenzake, wangekuwa wageni darasani. Mbele zaidi, sehemu za Mashuuru, ambako wazungumzaji wa Kimaa bado ni wengi, vigezo vyote viwili vinatoa jibu moja. Kwa hiyo sera ile ile inayotumia istilahi ile ile hufanya kazi vyema Mashuuru na kukwama Kitengela.

5.0 Kuigawanya Istilahi: Maswali Manne

Ugumu huu haukuanza Kajiado. Ripoti ya UNESCO ya mwaka wa 1953 kuhusu matumizi ya lugha za kiasili katika elimu ilikwisha kubainisha kwamba lugha ya mama ya mtoto si lazima iwe lugha ya wazazi wake. Baadaye, mwanaisimu Tove Skutnabb-Kangas alipendekeza kwamba lugha ya mama ifasiliwe kwa vigezo vinne: chimbuko, yaani lugha aliyoanza nayo mtu, umilisi, yaani lugha anayoijua zaidi, matumizi, yaani lugha anayoitumia zaidi, na utambulisho, yaani lugha anayojinasibisha nayo, au ambayo wengine humnasibisha nayo.

Tukimpima mtoto wa kwanza kwa vigezo hivyo, chimbuko, umilisi na matumizi yote yataelekea Kiswahili, na utambulisho pekee utaelekea Kijaluo. Mtoto wa pili, siku anapoanza shule, atajibu Kimaa katika vigezo vyote vinne. Lakini tumwulize tena akiwa na umri wa miaka kumi na minane, baada ya kusomea na kufanya kazi mjini. Chimbuko litabaki Kimaa, kwa kuwa chimbuko halibadiliki. Matumizi huenda yakawa Kiswahili. Umilisi unaweza kugawanyika: ataweza kuamkia wazee na kuzungumzia mifugo kwa Kimaa, lakini hesabu, sayansi na siasa atazijadili kwa Kiswahili na Kiingereza. Utambulisho utabaki wa Kimaasai, pengine kwa nguvu zaidi.

Hali hii ndiyo mwanzo wa kile kinachoitwa uhamaji lugha: jamii kuiacha lugha yake hatua kwa hatua na kuhamia nyingine. Joshua Fishman, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka wa 1991 kwamba uhai wa lugha hutegemea zaidi ya yote urithishaji, yaani wazazi kuizungumza na watoto nyumbani. Ikiwa kijana wetu atajenga nyumba Kitengela na kuoa mtu wa lugha nyingine, watoto wake watafanana na mtoto wa kwanza katika mfano wetu. Dodoso lenye swali moja tu, "Lugha yako ya mama ni ipi?", litaendelea kuandika "Kimaa" hata baada ya lugha hiyo kutoweka nyumbani. Takwimu zitasema lugha ni nzima, kumbe watoto hawaisemi.

6.0 Diglosia, Kubadili Msimbo na Ukopaji

Msomaji anaweza kuuliza: je, si kawaida Mkenya kuwa na lugha kadhaa, kila moja na kazi yake, bila yoyote kufa? Swali hili linatuleta kwenye diglosia. Charles Ferguson, mwaka wa 1959, aliitumia istilahi hii kueleza aina mbili za lugha moja zinazogawana majukumu, moja ya juu na nyingine ya chini. Fishman, mwaka wa 1967, aliipanua ihusishe hata lugha zisizo na nasaba. Naye Mohamed H. Abdulaziz, akichunguza Tanzania mwaka wa 1972, alionyesha hali ya lugha tatu: lugha ya jamii kwa mambo ya nyumbani, Kiswahili kwa mambo ya taifa na Kiingereza kwa elimu ya juu. Mgawanyo huo ukiwa imara, lugha ya jamii hudumu kwa sababu ina uwanja wake usioingiliwa. Uwililugha, tofauti na diglosia, ni uwezo wa mtu binafsi. Kitengela ina watu wengi wenye uwililugha, lakini diglosia yake imelegea, kwa sababu Kiswahili kimeingia hata katika uwanja wa nyumbani, ambao ndio uliokuwa wa lugha ya jamii.

Hata hivyo, si kila mchanganyiko wa lugha ni dalili ya kufa kwa lugha. Tutazame tungo hii ya kubuni:

"Nimemngoja tangu asubuhi, lakini enkerai ai hajatoka shule."

Enkerai ai ni mtoto wangu kwa Kimaa. Ndani ya kirai hicho, kimilikishi ai kimepatanishwa na nomino kwa kanuni za Kimaa, kwani nomino enkerai ni ya jinsia ya kike kisarufi. Ya kiume ingetaka lai, kama katika papa lai, baba yangu. Nje ya kirai, kitenzi hajatoka kimefuata upatanisho wa Kiswahili. Carol Myers-Scotton, katika vitabu vyake vya mwaka wa 1993 vilivyotumia data nyingi kutoka Nairobi, angesema kwamba Kiswahili ndiyo lugha mhimili wa tungo hii, na Kimaa kimekuwa kisiwa ndani yake. Msemaji wa namna hii anazimudu sarufi mbili kwa wakati mmoja. Huko ndiko kubadili msimbo, ambako katika shule zetu huitwa kuchanganya ndimi.

Ukopaji ni jambo jingine. Neno lililokopwa huingia katika mfumo wa lugha pokezi na kutumiwa hata na wasioijua lugha chasili. Kiswahili kimekopa morani na manyata kutoka Kimaa, nacho Kimaa kimekopa emesa kutoka meza. Tuongeze kwamba manyata imebadilika maana njiani: emanyatta ilikuwa kambi ya morani, na makazi ya kawaida ni enkang', lakini Wakenya wengi huita makazi yoyote ya Wamaasai manyata. Mwanafunzi anayeandika kuhusu Kajiado hana budi kuijua tofauti hiyo.

7.0 Umilisi: Neno Moja, Maana Tatu

Istilahi ya mwisho ni umilisi. Kwa Noam Chomsky, mwaka wa 1965, umilisi ni ujuzi wa kanuni za lugha uliomo akilini mwa mzawa wa lugha. Dell Hymes aliupinga ufinyu wa fasili hiyo na kuleta umilisi wa mawasiliano: kujua aseme nini, na nani, lini na vipi. Kwa Wamaasai, mtoto anapomwamkia mzee huinamisha kichwa, na mzee humgusa utosini. Mtoto anayezijua sarufi na toni zote za Kimaa lakini asiinamishe kichwa ana umilisi wa Chomsky, lakini umilisi wa Hymes haujatimia. Katika mtaala mpya wa Kenya, umilisi umepewa maana ya tatu: uwezo wa mwanafunzi kutenda kwa kutumia maarifa aliyopata. Anayeandika insha ya kitaaluma aeleze ni umilisi upi anaoukusudia.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba istilahi zinazoonekana kuwa sawa katika kitabu hutengana zikifikishwa Kitengela, na kwamba utengano huo unawahusu watoto halisi katika madarasa halisi. Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, mtafiti wa isimujamii asiulize swali moja kuhusu lugha ya mama. Aulize manne, la chimbuko, la umilisi, la matumizi na la utambulisho, na majibu ayaripoti kando kando. Pili, istilahi lugha ya eneo isitumike bila kutaja kigezo chake, kiwe cha idadi au cha wenyeji. Tatu, katika miji iliyojengwa juu ya ardhi ya jamii fulani, Kiswahili kiendelee kufundishia pale kinapoeleweka na wengi, lakini lugha ya wenyeji ipewe kipindi chake, na watoto wa wageni waalikwe kujifunza. Mtoto wa Kitengela asiye Mmaasai hapungukiwi na kitu akijua kwamba Kajiado maana yake ni mto mrefu.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee. Lugha tunayoipenda ndiyo inayokua Kitengela, na Kimaa ndicho kinachopungua. Mpenzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuona kwamba ustawi wa lugha yake haugeuki msiba wa jirani.

Maswali ya Mjadala

1. Jibu maswali manne ya sehemu ya 5.0 kuhusu wewe mwenyewe. Je, majibu yako yanaelekeza kwenye lugha moja?
2. Chagua mji mmoja unaoujua. Lugha ya eneo la shule ni ipi, na umetumia kigezo gani?
3. "Kila anayebadili msimbo amepoteza lugha yake." Jadili kwa kutumia mifano.
4. Eleza tofauti baina ya uwililugha na diglosia, ukirejelea jamii mbili za Afrika Mashariki.